Programu Jalizi za Hali ya Hewa kwa Simuleta ya Urubani ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa na watu wanaorusha ndege kwenye kompyuta zao nyumbani, hasa wale ambao safari zao huanzia Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au Entebbe. Msimamo unaopita katika majibu yote ni mmoja: programu ya hali ya hewa ichaguliwe kwanza kwa data inayoitumia na kwa namna inavyoibadilisha hewa wakati safari inaendelea, ndipo uzuri wa mawingu uzingatiwe. Pale jibu moja linapotegemea jingine, swali husika limetajwa kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Programu jalizi ya hali ya hewa hufanya kazi gani hasa?

Jina ni moja lakini bidhaa ni za aina tatu, na wengi hujuta kwa kununua aina moja wakidhani wamenunua nyingine. Aina ya kwanza ni injini ya hali ya hewa. Hii huchukua taarifa za kweli kutoka vituo vya hali ya hewa na vituo vya utabiri, kisha huilisha simuleta upepo, mgandamizo wa hewa, halijoto, mawingu, mvua na umbali wa kuona, na huendelea kuvibadilisha kadiri ndege inavyosonga. Aina ya pili ni pakiti ya mwonekano, ambayo hubadilisha sura ya mawingu, rangi ya anga au mwanga wa machweo bila kugusa upepo hata kidogo. Aina ya tatu ni pakiti ya hali zilizopangwa tayari: dhoruba, ukungu wa asubuhi, mawingu ya masika na kadhalika, ambazo huchaguliwa kwa mkono na hazina uhusiano na hali ilivyo nje wakati huo.

Kabla ya kulipa, soma maelezo ya bidhaa mpaka uweze kusema kwa hakika ni aina ipi kati ya hizo tatu. Picha za matangazo hazitakusaidia, kwa sababu aina zote tatu hutangazwa kwa picha zilezile za mawingu yaliyopigwa na jua la jioni.

2. Je, ni lazima ninunue?

Si lazima, na kwa mtu anayeanza ushauri wangu ni kutonunua chochote kwa miezi ya mwanzo. Microsoft Flight Simulator (matoleo ya 2020 na 2024), X-Plane 12 na FlightGear zote huja na uwezo wa kuleta hali ya hewa ya kweli bila malipo ya ziada. Rusha kwanza kwa hewa hiyo, uandike kinachokukera, kisha utafute programu inayotibu kero hiyo mahususi. Mwenye simuleta za zamani, yaani FSX (Microsoft Flight Simulator X) au Prepar3D, yuko katika hali tofauti. Tazama swali la 7.

3. METAR ni nini, na kwa nini kila programu huitaja?

METAR ni taarifa fupi ya hali ya hewa iliyopimwa uwanjani, inayotolewa kila saa au kila nusu saa kwa muundo unaofanana dunia nzima. Usipoweza kuisoma, hutaweza kuijaribu programu yoyote ya hali ya hewa, kwa hiyo inafaa kutulia hapa kidogo. Huu ni mfano wa kufundishia wa uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ambao alama yake ni HTDA:

HTDA 151200Z 05014KT 9999 FEW023 32/24 Q1009

Namba 151200Z ni tarehe 15, saa 12:00 kwa saa za kimataifa, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri. Fungu la 05014KT linasema upepo unavuma kutoka nyuzi 050, yaani kaskazini-mashariki, kwa noti 14. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Namba 9999 ina maana kwamba mtu anaona umbali wa kilomita 10 au zaidi. FEW023 ni mawingu machache ambayo kitako chake kiko futi 2,300 juu ya uwanja. Halijoto ni nyuzi 32, kiwango cha umande ni nyuzi 24, na Q1009 ni mgandamizo wa hewa wa hektopaskali 1009, ambao rubani anauweka kwenye altimeta ili isome kimo sahihi.

Mtu wa pwani ataitambua hewa hiyo mara moja: ni kaskazi. Njia kuu ya kurukia ya uwanja huo imeelekea 05 na 23, yaani nyuzi 050 na 230, kwa hiyo kaskazi humjia rubani usoni akitumia 05, na kutua huwa kwepesi. Badilisha fungu la upepo liwe 16016KT, yaani kusi, na kazi inageuka: ukitua kwa 23 unabaki na takriban noti 5 za upepo wa mbele na noti 15 za upepo wa ubavuni. Programu nzuri ya hali ya hewa inapaswa kukufikishia tofauti hiyo mikononi, kwenye usukani na pedeli, mawingu yawe yanapendeza au hayapendezi.

4. Kuna tofauti gani kati ya programu inayotumia METAR na ile inayotumia modeli ya utabiri?

METAR ni kipimo halisi, lakini ni cha mahali pamoja na kinahusu hewa ya karibu na ardhi tu. Modeli ya utabiri ni hesabu ya kompyuta inayoigawa dunia katika vigae na kukadiria hewa ya kila kigae, kutoka ardhini hadi juu sana. Modeli inayotumiwa sana na programu za simuleta ni GFS ya Marekani, ambayo hutolewa bure na hukokotolewa upya mara nne kwa siku. Vigae vyake ni vya robo nyuzi, yaani karibu kilomita 28 kwa 28 kwenye ikweta. Kigae kimoja kinakaribia kuumeza upana wote wa Unguja, kwa hiyo manyunyu yanayonyesha upande mmoja wa kisiwa huku upande wa pili kukiwa na jua hayawezi kuonekana vizuri katika hesabu hiyo.

Kila njia ina udhaifu wake. Programu inayotegemea METAR peke yake huwa sahihi uwanjani na hubahatisha katikati ya viwanja. Ile inayotegemea modeli peke yake hutoa anga linalotiririka bila mikatiko, lakini inaweza kukupa mgandamizo au upepo usiolingana na taarifa ya uwanja unapokwenda kutua. Zinazofaa zaidi huchanganya vyote viwili: modeli kwa safari na anga la juu, METAR kwa eneo la uwanja. Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hilo la mchanganyiko, na la pili ni jinsi mpaka kati ya hivyo viwili unavyolainishwa.

## Kuchagua kulingana na simuleta uliyonayo

5. Ninatumia Microsoft Flight Simulator. Nichague nini?

Simuleta hii, inayotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, hupata hali ya hewa yake kutoka kampuni ya Meteoblue ya Basel, Uswisi. Ilipotoka Agosti 2020 ilitegemea modeli, na malalamiko makubwa yalikuwa kwamba upepo na mgandamizo havikulingana na METAR. Mwaka 2021 METAR zilianza kuchanganywa na modeli hiyo, na tangu hapo sababu ya kununua injini nyingine imepungua sana kwa mrushaji wa kawaida.

Ni muhimu kufahamu jambo moja la kiufundi. Katika toleo la 2020 watengenezaji wa nje hawakufunguliwa mlango wa kuiandika hewa ya simuleta moja kwa moja, kama walivyokuwa nao enzi za FSX. Kwa hiyo programu kama REX Weather Force hufanya kazi kwa kuunda hali ya hewa iliyopangwa na kuipandikiza, kisha kuipandikiza upya taarifa mpya zinapofika. Faida yake ni kwamba hali ya uwanjani hufuata METAR kwa ukaribu. Hasara ni kwamba hali moja hutawala eneo kubwa, na badiliko kutoka hali moja hadi nyingine linaweza kuonekana kwa macho.

Active Sky FS ya HiFi Simulation Technologies, iliyotoka 2024, ina njia mbili. Katika njia ya kwanza yenyewe ndiyo inayoongoza hewa. Katika ya pili huiacha hewa ya simuleta ilivyo na kukupa ramani, taarifa za viwanja na mipango ya safari. Anayerusha ndege kubwa kwa masafa marefu na anayetaka kuandaa safari kwa uangalifu atanufaika nayo. Anayezunguka na Cessna kati ya Arusha na Seronera, kwa maoni yangu, abaki na hewa ya simuleta.

6. Na X-Plane?

Jibu linategemea toleo. X-Plane 11 ilikuwa na mawingu dhaifu, na ndiyo maana soko la SkyMaxx Pro, xEnviro na Active Sky XP lilistawi. X-Plane 12, iliyotoka 2022, iliandikwa upya upande wa hewa: mawingu yake yana ujazo wa kweli, maji hukusanyika kwenye njia ya kurukia, barafu hushika mbawa, na data hutoka katika GFS pamoja na METAR. Usinunue programu iliyoandikiwa toleo la 11 ukitarajia ifanye kazi katika la 12 mpaka mtengenezaji aseme wazi kwamba inafanya kazi.

X-Plane 12 huhifadhi data iliyoipakua katika folda ya kawaida ndani ya folda ya «Output», na unaweza kuifungua mwenyewe uone faili ni za saa ngapi. Hewa ikionekana ya ajabu, angalia hapo kwanza. Mara nyingi utakuta upakuaji ulikwama na simuleta inatumia faili za zamani.

7. Bado ninatumia FSX au Prepar3D kwa sababu kompyuta yangu ni ya zamani. Je, inafaa kugharimia?

Hapa ndipo programu jalizi inapoleta tofauti kubwa kuliko mahali pengine popote. FSX ni ya 2006, na studio iliyoitengeneza ilifungwa mwaka 2009. Mawingu yake ni picha bapa zinazogeuzwa kumtazama rubani, kwa hiyo pakiti ya mwonekano huleta badiliko la kweli, na injini kama Active Sky huleta upepo wa tabaka kwa tabaka, mtikisiko na umbali wa kuona usiokatika ghafla. Ukilazimika kuchagua kimoja, chukua injini.

8. FlightGear ni ya bure. Je, ina programu jalizi za hali ya hewa?

Haihitaji. Chagua data ya moja kwa moja, na katika mipangilio ya hali ya hewa chagua mfumo wa kina badala ya ule wa msingi.

9. Ninatumia Xbox.

Injini za nje haziwezi kufanya kazi kwenye Xbox kwa sababu huhitaji programu ya pembeni inayoendeshwa sambamba na simuleta, na Xbox hairuhusu hilo. Kinachopatikana katika duka la ndani ni aina ya tatu iliyoelezwa katika swali la 1.

## Kuupima ubora

10. Nitajuaje kama programu ni nzuri kabla muda wa kurudishiwa pesa haujaisha?

Fanya safari moja ndefu na uangalie vitu vitatu, ukiyaacha mawingu kwa sasa.

Cha kwanza ni mgandamizo. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja ni sawa na takriban futi 27 kwenye altimeta. Programu ikiruka kutoka 1013 hadi 1009 kwa mkupuo, kimo kinachosomeka kitahama zaidi ya futi 100, na otopailoti itaiinua au kuishusha ndege kwa mshtuko ili kufidia. Katika hewa ya kweli badiliko hilo huchukua masaa au mamia ya kilomita.

Cha pili ni upepo wa juu. Ukiwa futi 37,000, tazama mshale wa upepo kwenye skrini ya ndege. Ukiona upepo wa nyuma wa noti 40 umegeuka ghafla kuwa noti 10 za ubavuni, na kengele ya kuvuka kasi ikalia, hiyo ni dalili ya programu isiyolainisha mabadiliko. Baadhi ya programu zina kitelezi cha ulainishaji. Kijaribu kabla ya kukata tamaa.

Cha tatu ni halijoto, ambayo watu wengi huisahau ingawa kwa viwanja vya nyanda za juu ndiyo inayoamua kama ndege itapaa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya bahari. Halijoto ikiwa nyuzi 25 na mgandamizo ukiwa wa kawaida, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 7,800, na ndege ndogo iliyojaa mafuta na abiria hula urefu mkubwa wa njia kabla ya kuacha ardhi. Programu ikikuletea nyuzi 15 mchana kweupe wakati METAR inasema 25, umeibiwa nusu ya somo la kurusha ndege Nairobi.

11. Je, kuna jaribio rahisi linalofaa kwa Afrika Mashariki hasa?

Lipo, na ninalipendekeza kwa kila anayeuliza. Katika nchi za ikweta mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa mpangilio unaotabirika, hata siku ambayo hakuna mvua wala dhoruba. Huwa juu kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini kabisa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni hufika hektopaskali tatu au nne.

Egesha ndege Dar es Salaam, Mombasa au Entebbe asubuhi ya saa nne, weka altimeta isome kimo cha uwanja, kisha iache simuleta ikiendelea hadi jioni, au urudi jioni na kuweka mgandamizo uleule wa asubuhi. Altimeta ikisoma futi 80 hadi 100 juu ya kimo cha kweli, programu inafuata hewa halisi. Isiposogea hata kidogo, ama haipakui taarifa mpya, ama imejaza thamani moja ya kubuni.

12. Kwa nini nje ya dirisha langu inanyesha na kwenye simuleta ni jua?

Sababu ya kawaida ni ukosefu wa kituo cha karibu. Viwanja vikubwa hutoa METAR mchana na usiku, lakini viwanja vidogo vingi hutoa kwa saa za kazi tu, na viwanja vya mbugani havitoi kabisa. Kati ya kituo na kituo kunaweza kuwa na mamia ya kilomita, na hapo programu hukadiria. Mvua ya manyunyu ya dakika ishirini juu ya mtaa mmoja haiingii katika METAR ya uwanja ulio mbali wala katika kigae cha kilomita 28.

Sababu nyingine ni ucheleweshaji: programu huchota taarifa kwa vipindi, na taarifa yenyewe inaweza kuwa ya karibu saa nzima iliyopita. Ukitaka kuhakikisha kosa ni la nani, soma METAR ya uwanja kwenye tovuti ya aviationweather.gov ya serikali ya Marekani, ambayo ni ya bure, kisha ilinganishe na kinachoonyeshwa na simuleta. Vikilingana, programu haina kosa hata kama nguo zako zimelowa kwenye kamba.

13. Dhoruba za Ziwa Victoria huonekana?

Huonekana nusu nusu, na sababu yake inafaa kueleweka. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, hewa huvuma kutoka ziwani kwenda ufukweni, na mvua za radi hujijenga juu ya ardhi, hasa upande wa vilima vya Kenya. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, hewa huteremka kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati na kupanda juu, na ngurumo hutawala ziwa hadi alfajiri. Wavuvi wa Mwanza, Musoma na Kisumu wanaijua hatari hiyo kuliko mtu yeyote. Dhoruba hizo husukumwa magharibi, na ndiyo maana asubuhi ya Entebbe mara nyingi huamka na radi.

Katikati ya ziwa hakuna uwanja unaotoa METAR, kwa hiyo programu inayotegemea METAR pekee haiwezi kuijua dhoruba hiyo mpaka ifike Entebbe. Modeli za dunia nzima huiona kama mvua iliyotawanyika, kwa sababu kitovu cha dhoruba ni kidogo kuliko kigae. Kwa safari ya usiku kutoka Mwanza kwenda Entebbe, basi, chagua programu inayochanganya vyanzo viwili. Pia tazama picha ya setilaiti kabla ya kuondoka, kama afanyavyo rubani wa kweli, ili ujue kinachoendelea hata kama simuleta haijakionyesha chote.

14. Upepo wa juu una umuhimu gani ikiwa narusha ndani ya Afrika Mashariki tu?

Kwa Nairobi hadi Dar es Salaam ni mdogo, kwa kuwa mikondo mikali ya juu iko mbali na ikweta. Umuhimu huongezeka ukielekea Muscat, Dubai au Ulaya. Lakini usiidharau mikondo ya chini. Kati ya Juni na Agosti mkondo wa Somalia huvuma kwa nguvu kandokando ya pwani kwenye kimo cha takriban kilomita moja na nusu, na kaskazini mwa Kenya mkondo wa Turkana hupenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya karibu mwaka mzima. Rusha ndege ndogo kutoka Lodwar alfajiri, na kama programu ina data nzuri ya tabaka za chini utaona pua ya ndege ikigeuzwa kuelekea upepo unakotoka muda mfupi baada ya kupaa.

Kwa safari ndefu, kuna kipimo cha bure: panga safari kwa SimBrief, tovuti ya kupangia safari za simuleta, ambayo hukokotoa mafuta kwa upepo wa kweli wa siku hiyo, halafu linganisha upepo ulioandikwa katika kila kituo cha njia na ule unaoupata angani. Tofauti ya noti tano au kumi ni ya kawaida. Tofauti ya noti 40 katika vituo vitatu mfululizo inaonyesha kwamba programu haitumii data ya juu, au inatumia ya zamani.

## Kompyuta, bando na umeme

15. Kompyuta yangu itaweza kubeba?

Injini yenyewe ni nyepesi. Mzigo uko kwenye mawingu yanayochorwa na kadi ya michoro. Hewa yenye tabaka tatu za mawingu mazito inaweza kushusha fremu kwa sekunde hata pasipo programu yoyote ya ziada. Punguza ubora wa mawingu kwa ngazi moja kabla ya kupunguza kitu kingine, kisha jaribu tena mahali palepale na katika hewa ileile, maana kulinganisha fremu za siku ya jua na za siku ya mvua hakukuambii lolote.

16. Hali ya hewa ya moja kwa moja hula bando kiasi gani?

Kidogo kuliko watu wanavyohofia. METAR ni maandishi, na nyingi hazifiki herufi mia. Data ya modeli ni nzito zaidi, lakini hupakuliwa kwa vipindi. Kinachomaliza bando katika Microsoft Flight Simulator ni mandhari ya ardhi inayopakuliwa kila dakika, na toleo la 2024 hutegemea zaidi intaneti kuliko la 2020. Katika mipangilio ya data unaweza kuzima picha za miji za pande tatu na bado ukaacha hali ya hewa ikifanya kazi. Mtu wa bando la simu na afanye hivyo siku ya kwanza.

17. Intaneti au umeme ukikatika katikati ya safari?

Intaneti ikikatika, programu nyingi hubaki na hewa ya mwisho iliyopakuliwa, nawe unaweza kuendelea. Inaporudi, kuna hatari ya badiliko la ghafla lililoelezwa katika swali la 10, kwa hiyo usiwe chini ya futi elfu moja ukijiandaa kutua pale programu inapounganishwa upya. Kama maeneo yenu mtandao hukatika kila siku, chagua programu inayoweza kupakua data ya safari nzima kabla ya kuondoka.

## Hali za pekee

18. Ninaweza kurusha katika hali ya hewa ya siku iliyopita?

Active Sky imekuwa na uwezo huo kwa miaka mingi. Kwa asiyekuwa nayo, Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa nchini Marekani huhifadhi METAR za zamani za dunia nzima na huziachia bure. Unaweza kuchukua ya uwanja na saa unayoitaka, ukaiweka kwa mkono. Kwa njia ya pili hutapata upepo wa juu, ila kwa mazoezi ya kutua inatosha.

19. Ninapenda kurusha usiku wetu lakini kwa mwanga wa mchana. Kuna tatizo?

Lipo, na halionekani kwa haraka. Ukisogeza saa ya simuleta, hewa ya moja kwa moja kwa kawaida hubaki ya sasa. Utakuwa na jua la saa sita mchana juu ya Ziwa Victoria pamoja na dhoruba za usiku, au mchana wa Nairobi wenye halijoto ya alfajiri. Anayefanya mazoezi ya utendaji wa ndege atumie hali iliyopangwa kwa mkono, au atumie METAR ya zamani ya saa anayoihitaji kama ilivyoelezwa katika swali la 18.

20. Kwenye VATSIM au IVAO, mitandao ya kurusha pamoja na marubani wengine na waongoza ndege, nitumie hewa ipi?

Tumia hewa ya kweli, iwe ya simuleta au ya programu jalizi. Waongoza ndege hukupa upepo na mgandamizo kutoka METAR halisi, na huchagua njia ya kurukia kwa kuufuata. Ukiwa na hewa ya kubuni, utatumwa kutua huku upepo wako ukikusukuma kutoka nyuma, na kimo chako kitatofautiana na cha wenzako walio karibu nawe. Kabla ya kuanza kushuka, linganisha mgandamizo uliopewa na ule wa simuleta yako. Ukitofautiana kwa hektopaskali moja endelea, ukizidi hapo mwambie mwongoza ndege mapema.

21. Je, rada ya ndege itaonyesha mvua inayoletwa na programu jalizi?

Inategemea ndege pamoja na simuleta. Katika FSX na Prepar3D, baadhi ya ndege zilizotengenezwa na kampuni ya PMDG zilisoma mvua moja kwa moja kutoka Active Sky, kwa hiyo rada haikufanya kazi vizuri bila programu hiyo. Katika simuleta mpya rada kwa kawaida husoma hewa iliyomo ndani ya simuleta, bila kujali nani aliyeiweka. Soma mwongozo wa ndege uliyonunua, sehemu ya rada, kabla ya kununua injini kwa ajili ya rada.

22. Ninaweza kutumia programu mbili kwa pamoja?

Injini mbili, hapana. Kila moja itaandika upepo wake juu ya wa mwenzake, na ndege itayumba bila sababu inayoonekana. Hewa ya moja kwa moja ya simuleta nayo huhesabiwa kuwa injini, kwa hiyo fuata maelekezo ya programu yako kuhusu kuizima au kuiacha. Injini moja pamoja na pakiti moja ya mwonekano huweza kukaa pamoja, mradi pakiti hiyo haina kipengele cha hali ya hewa kilichojificha ndani yake, ukikikuta, kizime.

Mtikisiko usioeleweka ukiendelea hata baada ya hapo, ondoa programu zote, rusha safari moja kwa hewa ya simuleta peke yake, kisha rudisha moja baada ya nyingine, ukirudia njia ileile na kimo kilekile kila mara.